Siku za Kuloweka Muhogo

Wapendwa wauguzi wa dispansere, mlinifanyia karamu nzuri siku niliyostaafu. Nilikula wali, nikanywa soda, nikapewa kitenge cha maua makubwa ambacho nimekivaa hivi sasa ninapoandika. Yote hayo nawashukuru. Lakini daktari wetu kijana, ambaye nampenda kama mwanangu wa kuzaa, alisimama akahutubia. Akasema kwamba mito ikishuka kutoka milimani njaa hufuata, kwamba hilo ni jambo la asili halina mkosaji, na kwamba kazi yetu sisi ni kuwafundisha kina mama usafi na mapishi. Mkapiga makofi. Mimi nilitafuna mfupa wa kuku mpaka ukavunjika. Wengine mlidhani nina uchungu wa kuaga. Sikuwa na uchungu wa kuaga, nilikuwa na hasira. Sikutaka kuwaharibia karamu, kwa hiyo naandika.

Nilivyopanda vyeo sitawasimulia, maana hakuna mgonjwa aliyewahi kupona kwa cheo changu. Nitawasimulia mwaka wangu wa kwanza kazini, kwa sababu yote niliyoyafanya baadaye niliyafanya kwa hasira ya mwaka ule.

Nilizaliwa hapa Uvira, mtaa wa Kimanga, katika nyumba ya wafanyabiashara Waislamu. Baba aliuza chumvi, vitambaa na ndagala, yaani dagaa wakavu. Mwaka ninaousimulia ulikuwa wa miaka ya hamsini, wakati wa Wabelgiji. Nilipomaliza mafunzo ya kuwa msaidizi wa mkunga nikapangiwa dispansere ya Luvungi, bondeni, kwenye njia ya Bukavu. Baba hakulalamika kwamba nakwenda kukaa na Wakatoliki, wala kwamba nitashika damu za watu. Alilalamika juu ya chakula. "Zaituni, kule banakula mihogo michungu," alisema. "Weye na tumbo yako ya wali utaishi namna gani?" Nilicheka. Nilisafiri juu ya magunia ya chumvi katika lori la rafiki yake, nikafika nimejaa vumbi mpaka kwenye kope, na mgonjwa wa kwanza kuniona akaniuliza kama mimi ndiye mwendawazimu aliyeletwa kutibiwa.

Infirmiye mkuu pale, yaani muuguzi kiongozi, alikuwa Bwana Leonardi, mtu wa bonde, msemaji wa Kirundi, mfupi, suruali yake daima juu ya vifundo vya miguu. Kwa wagonjwa alikuwa mpole sana. Ukali wake wote aliumalizia kwenye stovu ya primus iliyochemshia sindano. Aliitukana kwa Kirundi, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, na ikikataa kuwaka kwa lugha zote tatu alikwenda kutafuta kuni. Sindano tulizinoa kwenye jiwe. Mizani yetu ilikuwa ya kupimia magunia, yenye ndoana, tukiining'iniza kwenye boriti na kumfunga mtoto ndani ya kitambaa. Mama akiona mwanawe ananing'inia pale alitoa yowe kubwa kuliko mtoto mwenyewe.

Leonardi alinifundisha kuanza na miguu. Unabonyeza kwa kidole gumba upande wa juu wa mguu, unaachia, unaangalia. Shimo likibaki, huyo mtoto ana njaa, hata kama uso wake umenenepa na bibi yake anausifia. Ule ugonjwa tuliuita bwaki, na mpaka leo mnauita hivyo. Baada ya miguu yalifuata maswali.

"Mutoto akikuya," alisema, "uliza mama: mumekula nini? Kisha: tangu siku gani? Kisha ile ya tatu, na usiisahau hata siku moja: mama, ulikuwa wapi?"

Mimi nikadhani hilo la tatu ni la kumlaumu mama. Nikaliuliza kwa sauti ya kulaumu. Alinivuta pembeni kwa mkono.

"Hapana kumulaumu! Minye nauliza juu ya kujua nani alichukua masaa yake."

Sasa niwaeleze muhogo, maana wengine wenu mmekulia kwenye mkate. Bondeni watu walipanda muhogo mchungu kwa akili zao timamu. Nguruwe mwitu hautaki, mwizi haung'oi akatafuna njiani, na unakaa ardhini ukikusubiri. Bei yake ni siku. Unaung'oa, unaumenya, unauloweka kwenye visima vifupi kando ya kijito mpaka ulainike na kutoa ile harufu kali, ndipo unauanika mpaka ukauke kabisa, ndipo unatwanga. Siku tatu za maji, nne kama kuna baridi, na jua la kutosha juu yake. Ukiziiba siku hizo, unapika sumu. Hili halikuwa siri ya mtu. Wanawake walilijua, watoto wao walilijua, na wazungu wa ofisi, waliowaamuru watu kulima muhogo huo kama akiba ya njaa, walilijua vizuri sana. Shikeni jambo hilo. Katika habari hii hakuna aliyekosa elimu.

Mvua za mwaka ule zilianza vibaya milimani. Mto wetu unashuka kutoka upande wa Rurambo, na alasiri moja ulishuka na mawe, miti, ng'ombe waliokufa na mlango mzima wa nyumba ukiwa bado na kufuli lake. Maharage yalikwenda. Mahindi yalikwenda. Nyumba za udongo zilizokuwa karibu na ukingo ziliyeyuka. Tulizika watu, na tuliosalia tulisema yale yanayosemwa kwenye misiba, wao kwa namna yao na mimi kwa namna yangu. Maji yale namwachia Mungu. Kuanzia hapo, sitamsingizia Mungu lolote.

Kwa sababu muhogo ulikuwa umebaki. Ulikuwa ardhini, chini ya maji na matope, mzima. Lakini muhogo ukikaa kwenye maji yaliyotuama huanza kuoza, na ukishaoza hata mbuzi hautaki. Wanawake walijua la kufanya: kuung'oa wote upesi, kuchimba visima vipya kwa kuwa vya zamani vimejaa mchanga, kuloweka, kuanika, na kuweka unga wa kuwafikisha mavuno mengine. Ilikuwa kazi kubwa, lakini waliiweza. Walihitaji kitu kimoja tu, kuachwa waifanye.

Barabara ilikuwa imekatika. Daraja limekwenda, na upande wa pili kulikuwa na ghala la pamba iliyokuwa inasubiri kushushwa ziwani. Basi likaja agizo la kazi ya Leta, yaani kazi ya lazima ya serikali: wanaume wote daraja, wanawake wote kubeba mawe kwa vikapu, tangu asubuhi mpaka jioni. Msimamizi alikuwa mzungu mmoja wa barabara, mwenye kofia ngumu na filimbi, na chini yake kapita, mnyapara wetu mweusi, mwenye fimbo. Wanawake walimwomba wiki moja tu. Jibu lake nililisikia kwa masikio yangu, likitafsiriwa na kapita: barabara kwanza, kwa sababu chakula cha kuwasaidia kitapita juu ya barabara hiyo hiyo.

Yaani waache chakula kioze ili wajenge njia ya kuleta chakula! Miaka imepita, nimezaa na nimezika, na bado nikiikumbuka sentensi ile damu inachemka.

Asubuhi iliyofuata alikuja Regina. Alikuwa mwanamke mrefu, mke wa Bernardi, aliyekuwa amepelekwa kwenye daraja. Aliishi na mama mkwe wake, bibi Kamariza, na watoto wawili, Yozefu na Spesiosa. Hakuwa mgonjwa. Miguu yake ilikuwa na matope mpaka magotini.

"Munganga, unipatiye karatasi ya bugonjwa," alimwambia Leonardi. "Mihogo yangu iko mu mayi. Nikikawia, itaoza yote, na batoto watakula nini?"

Leonardi alimwangalia, akaniangalia mimi, akachukua kalamu. Akamwandikia ugonjwa wa mgongo. Habari zilienea kabla wino haujakauka. Mpaka mchana mlango wetu ulikuwa umejaa wanawake wenye migongo, na Leonardi, mtu wa misa kila asubuhi, aliwalaza wote. Vitanda havikutosha, basi aliwalaza nyuma ya dispansere, kando ya kijito chetu cha kufulia. Wakalala kwa majembe. Mpaka jioni walikuwa wamechimba visima, na mpaka kesho yake muhogo ulikuwa ndani ya maji. Harufu ilijaa mpaka chumba cha kuzalia. Mwanamke mmoja aliyekuwa na uchungu wa kuzaa aliniuliza kati ya maumivu mawili, "Dada, munapika nini huku?" Nilicheka sana wiki ile. Ndiyo maana hasira iliyofuata ilinipata vibaya.

Kapita alikuwa na pua kama watu wengine. Alimleta yule wa filimbi, naye mzungu akavipita vitanda vitupu, akaenda nyuma, akaviona visima. Hakupiga kelele. Aliagiza kila mwanamke achukue vyake na arudi kwenye mawe kabla jua halijawa kali, na akamwambia Leonardi kwa Kifaransa kwamba jambo hili litafika Uvira. Leonardi alimwambia, kwa Kifaransa hicho hicho, kwamba muhogo ule bado ni sumu. Mzungu alijibu kwamba anajua. Nilikuwa nimesimama kati yao na beseni mkononi. Alijibu kwamba anajua.

Wanawake waliutoa muhogo ukiwa bado mgumu. Waliuanika kandokando ya barabara wakipita na vikapu, wakiugeuza kwa mguu kila walipopita, na mvua ikaunyeshea. Wengi walijaribu kuuhifadhi waurudishe majini siku nyingine. Lakini nyumbani kulikuwa na watoto ambao hawajala, na mchana wote mama hayupo, na jioni anarudi mikono haifungi. Regina alipika. Bibi Kamariza hakula, sehemu yake alimwongezea Yozefu, kwa sababu ndiye aliyelia njaa.

Walimleta asubuhi. Alikuwa ametapika tangu jioni, anapumua mbio, kichwa hakishikiki shingoni. Spesiosa naye alitapika, lakini yeye alikuwa amekula kidogo. Leonardi aliuliza swali la kwanza na la pili, la tatu hakuwa na haja nalo. Tulifanya yale machache tuliyoyajua, maji ya sukari, joto, kumlaza ubavu. Filimbi ya kazi ililia barabarani na Yozefu akafa juu ya benchi la kusubiria, kichwa chake kikiwa kwenye kiganja changu. Alikuwa wa kwanza kunifia mkononi.

Bibi Kamariza alisimama. Uchungu ulikuwa umemjaa mpaka haukujua pa kutokea, ukatokea kwa Regina.

"Weye njo umemuloga! Sahani yangu minye mwenyewe nilimupatia, na weye ulitia nini mu ile bugali? Huyu mwengine hutamugusa!"

Akambeba Spesiosa mgongoni, akaenda naye nyumbani, akafunga mlango. Regina alirudi kwenye mawe, maana kapita alikuja kumchukua. Mnasikia? Alimzika mwanawe mchana na kesho yake alibeba mawe. Na wale wenzake walianza kuacha nafasi kati yao na yeye kwenye foleni ya vikapu. Jina la mchawi likikushika bondeni hutarudi nyumbani kwako tena. Mume akirudi atasimuliwa na mama yake, atakufukuza, na mtoto aliyebaki hutamlea. Regina alikuwa amepoteza mmoja, na sasa alikuwa anampoteza wa pili akiwa hai, nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Watoto wengine walianza kutapika, nyumba hii na ile. Hapo ndipo yule wa barabara aliposhtuka. Na alifanya nini? Aliitisha somo.

Waliitwa wote, wanawake, wazee, watoto. Alipanda juu ya rundo la mawe waliyoyabeba wao, ameshika kiazi cha muhogo, kapita akitafsiri.

"Muzungu anasema mihogo iko na sumu. Anasema mumenye muzuri. Anasema mulobeke siku moja, mbili, tatu, kukiwa baridi ine." Na mzungu akainua vidole vyake vinne juu, kila mmoja avione. "Anasema muanike mpaka ikauke kabisa. Mama asipofanya vile, mutoto anakufa. Anasema muache buzembe."

Ukiacha hilo la uzembe, neno la uongo halikuwemo katika lile somo, lote lilikuwa kweli tupu. Ndilo lililonichoma. Niliwaangalia wanawake wale, wenye mikono iliyoloweka muhogo tangu hawajaota meno ya ukubwani, wakihesabiwa vidole.

Regina alitoka kwenye safu, kikapu cha mawe kingali kichwani.

"Bwana, tunashukuru ku masomo. Zile siku uko unatuonyesha na vidole, utupatiye."

Kapita hakutafsiri. Leonardi ndiye aliyetafsiri, kutoka nyuma, kwa sauti ya kanisani. Mzungu akashusha mkono. Akasema barabara kwanza.

Hapo bibi Kamariza alijongea mbele, Spesiosa mgongoni. Alikuwa ameviangalia vile vidole kwa makini sana, na midomo yake ilikuwa inahesabu. Aliuliza polepole, na kila mtu alisikia.

"Regina. Hizi siku ine, weye ulikuwa wapi?"

"Minye nilikuwa hapa, mama. Ku mawe."

Bibi alimkaribia Regina. Kisha alimfungua Spesiosa mgongoni, akamkabidhi kwa mama yake. Akakishusha kikapu kutoka kichwani kwa Regina, akakiinamisha, na mawe yakamwagika miguuni pa mzungu. Hakurusha hata moja, alimwaga tu, kama mtu anayemwaga makapi. Mwanamke wa nyuma yake akamwaga. Wa nyuma yake akamwaga. Kisha wakageuka, wakaenda mashambani, na filimbi ikalia, ikalia, mpaka ikawa inamlilia mwenyewe.

Msidhani ulikuwa ushindi. Muhogo mwingi ulikuwa umeshaoza, waliokoa robo yake, labda pungufu. Wanaume kadhaa, akiwemo Bernardi, walifungwa Uvira kwa ukaidi wa wake zao. Leonardi alihamishwa mbali, akaondoka na sanduku moja, akiniachia ile primus pamoja na matusi yake. Barabara ilikwisha. Lori la kwanza kupita lilishusha pamba ziwani. Yaliyofuata yalikuwa ya wafanyabiashara kutoka Kimanga, watu wa ukoo wangu mimi, waliobadilisha kibaba cha unga kwa mbuzi mzima na kusema wanasaidia watu. Wafugaji wa Rurambo waliokuwa wakishusha maziwa na siagi kubadilishana na unga walikuta hakuna unga, wakarudi na siagi yao ikiwachachia, na njaa ikapanda nao mlimani. Mwenye mbuzi mmoja alibaki hana. Mwenye shamba alikwenda kulima la mwingine kwa jembe lake mwenyewe, apate unga. Na baada ya miezi kadhaa ilianza kuja miguu, nikibonyeza, nikiachia, na shimo linabaki. Kwenye ripoti zote sababu iliandikwa ni mafuriko.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, Luvungi, kisha huku ziwani. Nimeona mito ikishuka tena na tena, chini ya bendera tofauti na wakubwa wa rangi yetu. Kila mara niliuliza lile swali la tatu, na kila mara mama alikuwa mahali alipowekwa na mtu. Yuko kwenye foleni ya kuandikishwa, au kwenye mkutano wa kumkaribisha mkubwa anayekuja kumpa pole, au analima shamba la aliyemkopesha chakula. Maji huchukua alasiri moja. Kinachobaki huchukuliwa na watu, mchana kweupe, wakiwa na adabu zao zote.

Sasa mito imeshuka tena, mnajua, na ndiyo maana daktari alihutubia vile. Tena juzi amenitumia ujumbe wa heshima. Ameniomba nije Jumatano asubuhi, kina mama wote wenye watoto wataitwa, na mimi kama mkongwe nitoe somo la namna ya kuandaa muhogo baada ya mafuriko. Kutakuwa na viti na soda.

Mwambieni nitakuja. Nitavaa kitenge chenu. Nitasimama mbele yao, nitaangalia juu, na jua likiwa linawaka nitasema, "Bamama, jua iko. Muende."

Na daktari akiniuliza somo liko wapi, nitamshika mkono kama mwanangu, nimwonyeshe migongo yao ikiteremka kijitoni.